Nyumba Waliyoipita Sungusungu

Mhunze, Kishapu
4 Februari 2024

Ngusa,

Sianzi na salamu, maana mara ya mwisho nilikusalimia ukanijibu kwa kuvua buti.

Watu walikuwa wanakula wali wa arobaini ya mayu. Mama yako mzazi, Ngusa. Ukakaa kwenye kochi, ukavua buti la kushoto, ukalaza mguu juu ya stuli. Harufu ilifika jikoni kabla mtu hajasema neno. Katekista aliweka sahani chini akatoka kama aliyeitwa. Wanangu wakakimbilia nje. Mimi nilikwenda kutapika nyuma ya choo, nikarudi, nikakuta bado umeulaza palepale, unasimulia habari za dhahabu. Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Ukaivuta mbele ya wageni, ikaacha nyuzi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kutukanana, na ukichoka unakata. Barua huwezi kuikata. Nimempa kondakta wa basi la Geita, nawe majibu mpe yeye.

Nataka jambo moja tu. Nenda hospitali ukauoneshe huo mguu. Ulisema ni jiwe limekukata. Nilikuletea beseni na sabuni, ukanirudishia, ukasema utanawa ukifika huko. Mtu mzima anakataa maji nyumbani kwa marehemu mama yake. Nimeona kinyaa, sikufichi. Nimekuonea kinyaa wewe, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, na hilo ndilo linaloniuma.

Dada yako,
Serafina


Kalangalala, Geita
15 Februari 2024

Dada Serafina, shikamoo.

Mimi naanza na salamu kwa kuwa nililelewa vizuri, na aliyenilea ni wewe.

Barua yako nimeisoma kwa sauti kule duarani, kwenye shimo letu la dhahabu, wenzangu wakacheka mpaka Athanas akamwaga chai. Athanas ndiye msimamizi wetu, yeye ndiye anayepanga nani ashuke shimoni na lini. Anakusalimia, anasema mwalimu ana maneno makali kuliko baruti.

Sasa sikia. Duara letu limetema dhahabu. Tangu kabla ya Krismasi tunatoa mawe ambayo mtu akiyaona anashindwa kulala. Mganga aliyelifungua alitupa sharti: anayeshuka asiguse sabuni wala asibadili buti mpaka mzigo wote wa mawe usagwe mashineni, karashani. Ukioga, bahati inakwenda na maji. Najua utabetua midomo. Lakini wewe hukai na wanaume waliouza ng'ombe zao wakaja kuchimba mawe matupu mwaka mzima. Ningenawa kwenye beseni lako, halafu dhahabu ikakimbia, ningesema nini mbele yao?

Mguu ni jiwe tu. Usaha unatoka, na kinenani mtoki umetokeza, nikitembea unanivuta. Badala ya kwenda kutapika nyuma ya choo, mwalimu wa baiolojia ungenieleza huo usaha ni kitu gani. Labda nami ningetapika tukawa sawa.

Mdogo wako,
Ngusa


Mhunze, Kishapu
24 Februari 2024

Ngusa, marahaba.

Umeuliza, nitakujibu, ila usisome ukiwa unakula.

Usaha ni maiti. Ni maiti za askari wako mwenyewe. Baba alipokuwa mkuu wa sungusungu hapa kijijini, mwano ulipopigwa, lile yowe la hatari, kila mwanamume alitoka na upinde wake, aliyekuwa anakula akaacha chakula. Na mwili una mwano wake. Ngozi ikichanika vijidudu vikaingia, askari wa kwanza kufika ni walaji. Wanavimeza vijidudu vizima vizima mpaka wanavimbiwa na kufa palepale. Hao ndio unaowafuta kwa kipande cha fulana. Umebeba makaburi ndani ya soksi, ndiyo maana yananuka.

Mtoki nao ni kambi yao. Ukivimba ujue askari wamejaa kambini, wanaongezeka, wanaoneshwa sura ya adui ili wakapigane.

Lakini askari hawaoshi kidonda. Wao wanakufa, wewe unawarundika na kuwafunika na buti. Nenda hospitali, Ngusa. Huyo mganga mwambie kwetu hata ng'ombe tunamwosha kidonda.

Serafina


Kalangalala, Geita
20 Machi 2024

Wifi Serafina, shikamoo.

Hatujawahi kuonana. Mimi ni Kudra, ninayeishi na Ngusa, na ndiye ninayewapikia wachimbaji kule duarani. Kwenye arobaini sikuja. Tulikuwa hatujafunga ndoa, na Ngusa alisema wazee watauliza maswali.

Wifi, naandika nikiwa nimefunga, kwa hiyo siwezi kusema uongo. Mguu ule haukukatwa na jiwe. Kuna doa nilimkuta nalo. Lilikuwa jeusi, chini ya kisigino, dogo kama mbegu ya papai. Likakua mpaka likawa kama kifuniko cha soda, kingo zake hazieleweki. Mganga alipoliona akasema huo ni muhuri wa dhahabu, na mwenye muhuri ndiye atangulie kushuka. Basi tangu hapo Ngusa ndiye anayetangulia, na duara lilipotema wakaamini kabisa. Mwaka jana mwishoni likapasuka. Linatoa damu, linatoa maji meusi, na nyama yake imefura imetokeza nje kama uyoga uliooza.

Chumba chetu ni kimoja. Futari nahamia nayo kwa jirani, maana nikiiweka mdomoni humu ndani inarudi. Nainua shuka asubuhi nikiwa nimebana pumzi. Ni mume wangu na nampenda, lakini usiku nageukia ukutani, naona aibu kukuandikia hivi. Wenzake wananusa wananyamaza. Athanas anamkaribisha chai kila siku, kisha anakaa upande upepo unakotokea. Hakuna anayemwambia. Watasemaje mwenye muhuri ananuka?

Barua yako ya askari ameibandika ukutani kwa ugali. Mtoki sasa ni kama yai la kuku. Anaushika, anacheka, ananiambia, "Kudra, kambi imejaa, dada kasema." Hospitali ukimtajia anakuonesha barua.

Neno la askari lilitoka kwako, wifi. Naomba ukaliondoe wewe. Na umwambie kwamba nimekuandikia mimi, nimechoka kunong'ona.

Wako,
Kudra


Mhunze, Kishapu
28 Machi 2024

Ngusa,

Kudra ameniandikia. Usimguse wala usimnunie. Katika watu wote wa hapo Geita ni yeye peke yake mwenye pua.

Doa jeusi kwenye unyayo. Ukaniambia jiwe. Nikakaa hapa nikikufundisha usaha, kumbe nafundisha somo lisilo lenyewe. Barua ile ibandue ukutani, uichane.

Sasa nitakufundisha lenyewe. Mwili wako ni seli, ndogondogo, zimepangana kama nyumba za kijiji. Kila nyumba ina desturi moja: huchukua vipande vya kile inachokitengeneza ndani ikaviweka dirishani vionekane. Kuna askari wengine, si wale walaji, hawa kazi yao ni kuua. Wanapita nyumba hadi nyumba wakipapasa vile vipande. Wakikuta vya kawaida, wanapita. Wakikuta kipande kigeni, tuseme kirusi kimeingia na kinazaliana humo, askari anajibana na ile seli, ukuta kwa ukuta, anatoboa matundu, anamimina sumu yake ndani. Sumu hiyo haiichomi nyumba. Inaiamuru ijibomoe yenyewe. Seli inasinyaa, inakatika vipande, walaji wanakuja kumeza mabaki, na muuaji ameshahamia nyingine. Hakuna usaha wala harufu. Nikifika hapo darasani mwili hunisisimka, maana wanaouawa ni watoto wa nyumbani na hakuna anayelia. Kuna na kundi jingine linaloshuku nyumba isiyoweka kitu chochote dirishani. Huiua kwa huko kuficha tu.

Nakuambia haya ili uelewe kwa nini mguu wako haukuponywa nao. Saratani haitoki nje, Ngusa. Ni seli yako mwenyewe iliyoharibika. Nyingi hukamatwa zikiwa changa, hata mtu hajui. Inayobaki ni ile iliyojifunza ujanja. Inapunguza vipande dirishani, au inamshika askari mkono na kumwambia hapa salama, naye askari akishaambiwa hivyo analegea, anapita.

Unamkumbuka Mabula, mtoto wa baba mkubwa. Ng'ombe walikuwa wanapotea kutoka hapa mpaka Songwa, na sungusungu wanazunguka kila usiku, baba mbele. Kila walipofika kwa Mabula aliwaamkia vizuri, akawapa togwa, wakampita. Mtoto wa nyumbani, nani angemkagua? Na ng'ombe walikuwa nyuma ya boma lake. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyekuwa akisema pale pananuka damu, wakamwita mchawi. Ilipogundulika, kilichoamuliwa unakijua. Boma zima livunjwe. Baba mkubwa alilia, akaomba waache hata zizi. Baba akakataa, akasema ukiacha zizi umeacha mwizi.

Huo mguu ni boma la Mabula. Nenda wakupime, na wakisema ukatwe, ukatwe.

Serafina


Kalangalala, Geita
14 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Umeniambia kweli, nami nikuambie kweli. Nilishakwenda.

Mwezi wa kwanza, kabla ya arobaini, nilitoroka duarani nikaenda hospitali. Wakakata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa. Daktari, binti mdogo tu, aliziba mdomo na pua kwa barakoa mbili, akaniambia ni saratani ya ngozi na mguu uondolewe chini ya goti upesi. Nilimshukuru nikaondoka. Siku ile nilipoulaza mguu sebuleni kwako nilikuwa najua tayari. Nilitaka mtu auone bila mimi kusema. Wote mkatoka nje.

Unafikiri mimi sijioni kinyaa? Nzi wananijua. Nikishuka shimoni hewa ni ile ya pampu, wenzangu wanatema mate gizani, nawasikia. Nikipanda juu wananiita mwenye muhuri, wananipa kiti. Mguu huu ndio umenipa kiti. Mchimbaji wa mguu mmoja anashukaje duarani, dada? Nirudi Kishapu nikalinde pamba yako dhidi ya mbuzi?

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba lipo kundi linaloua nyumba inayoficha. Umeandika kwamba nyingi hukamatwa. Basi waache wafanye kazi yao. Mtoki unakua kila wiki, na ulisema mtoki ni kambi. Kama askari wamejaa hivi, kwa nini nikate mguu vita ikiwa katikati? Mzigo ukishasagwa nitaoga, nitapumzika, nao watamaliza.

Usimwambie Kudra kwamba nilipima. Anajua doa na muhuri tu, hajui jina la ugonjwa.

Ngusa


Mhunze, Kishapu
19 Aprili 2024

Ngusa,

Nilikosea kukuambia mtoki ni kambi bila kuuona mguu wenyewe. Kambi inaweza kuvimba kwa kujaa askari, na inaweza kuvimba kwa sababu mwizi ameingia kambini, amelala kwenye vitanda vyao. Kwa ugonjwa wako, hilo la pili ndilo ninaloliogopa. Vita unayoisubiri iishe imekwisha, na wewe hukushinda. Hao askari wako wanapita dirishani wanaambiwa hapa salama.

Kila mtu hapo anakuambia hapa salama. Mganga kakupa muhuri, Athanas kakupa kiti, mimi nikakupa kambi. Nimechefukwa na sisi sote.

Unaijua sheria ya baba: mwano ukilia, asiyetoka anatengwa, hapewi moto wala maji wala salamu. Jumamosi napanda basi. Nitakuja mpaka duarani, nitasimama juu ya kifusi, nitapiga mwano kama mayu alivyopiga siku zizi la Mabula lilipovunjwa. Nitataja ugonjwa kwa jina lake mbele ya Athanas na wote. Nione nani hatatoka.

Kudra nimeshamwambia.

Serafina


Hospitali ya rufaa, Mwanza
2 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Nimeamka leo hupo. Kudra anasema ulisubiri nilale ndipo ukaondoka, ili tusigombane tena kama siku ile ulipopiga mwano pale kifusini mpaka nikakubali kuja huku. Amekaa hapa kando yangu kwenye stuli, anasoma barua zako zote kwa mpangilio, akifika penye kutapika anacheka.

Nikipeleka mkono chini ya blanketi, napapasa goti, halafu napapasa shuka. Kisigino kinaniwasha. Kisigino ambacho hakipo, dada, na hakuna pa kukuna. Nimemwuliza muuguzi mguu wangu umekwenda wapi, akasema ndugu wa wagonjwa wa wodi hii huulizwa kama watazika wenyewe, na dada yako ametia sahihi, akauchukua kwenye ndoo. Wewe. Uliyeshindwa kukaa nao chumba kimoja.

Uvimbe wa mtoki wameutoa pia, wameupeleka kupimwa. Daktari hakunificha. Amesema ukikutwa umeingiliwa, safari bado ni ndefu, na pengine ni mbaya. Majibu bado.

Athanas alikuja jana. Duara linatema vilevile, na mimi nilishaoshwa na madaktari kwa dawa mpaka kiunoni. Akakaa hapo mwisho wa kitanda akiangalia chini. Akasema wote walikuwa wanaisikia harufu tangu mwaka jana, ila ni vigumu kumwambia mtu mzima. Nikamwambia asijali. Alipotoka nikageuka ukutani nikalia, kwa hasira, siyo kwa mguu. Mwaka mzima wamenipa kiti na chai, na kumbe walikuwa wanapita dirishani. Wewe ulitapika, na Kudra akahamisha futari. Ninyi wawili ndio mlionijua nina nini.

Kuna jambo moja la kijinga. Muuguzi ananiletea beseni kila asubuhi, nami namwambia kesho. Mazoea tu. Nikiona sabuni moyo unashtuka, kama vile kuna kitu bado naweza kukimwaga.

Uliuzika wapi?

Mdogo wako,
Ngusa


Mhunze, Kishapu
9 Juni 2024

Ngusa, marahaba.

Nilipanda basi na ndoo ya rangi yenye kifuniko, nimeifunga kwa khanga. Kondakta akaniuliza mna nini, nikamwambia samaki. Tulipovuka Misungwi akarudi akaniambia, "Mama, samaki wako wameanza kuharibika." Nikamwambia najua. Abiria wakafungua madirisha. Niliipakata ndoo mpaka Shinyanga, na mpaka Mhunze kwenye gari jingine.

Baba mdogo alikuwa ameshachimba shimo pembeni ya mayu, upande wa miguu yake. Akasema tuuzike na ndoo yake, tusiufungue. Watu walikuwa wamesimama mbali, wamejiziba kwa vitenge. Nikakumbuka kwamba hata mwizi aliyeuawa huoshwa kabla ya kuzikwa.

Nikaufungua. Nilivaa glovu za maabara ya shule, nikachukua beseni lile ulilonirudishia, na sabuni ya mche. Nikatapika, nikarudi. Nilianza juu. Lile kovu la ng'ombe aliyekukanyaga ukiwa mdogo bado lipo juu ya kifundo, mimi ndiye niliyekufunga kitambaa siku ile. Nikaosha kucha, nikaosha katikati ya vidole, vumbi la Geita lilikuwa limo bado. Kisigino nilikiosha mwisho. Sikufumba macho. Ni kibaya kuliko nilivyodhani, na ni chetu, nyama ya kwetu iliyotugeuka. Nilikichukia kwa moyo wangu wote huku nakisugua taratibu kama kinauma.

Maji ya kwanza yalikuwa meusi. Nikabadilisha, nikabadilisha tena, mpaka yakatoka meupe. Nikaufunga kwa khanga ya mayu, ile ya kanisani.

Kwa hiyo bahati yote imeshamwagwa, Ngusa, nimeimwaga mimi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Hakuna kilichobaki cha kulinda. Majibu ya mtoki yakitoka, nipigie simu. Nitapokea, na sitafoka, hata yakiwa mabaya.

Mguu wa kushoto nimekuoshea. Huo wa kulia uko kwako. Kesho muuguzi akileta beseni, usimrudishe.

Dada yako,
Serafina